Tupeane uzoefu: ulifikaje kwenye dozi yako ya thairoidi?

Mwalimu wa Moro (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa sisi ambao tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imepoa, haitoi homoni ya kutosha, na kila siku tunameza levothairoksini, yaani homoni hiyo kwa kidonge. Dalili zimeshaongelewa sana. Ninachoomba tusimuliane ni kile kipindi cha kupandisha na kushusha dozi, maana mimi ndicho kilichonitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Naanza na yangu. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, Morogoro watu wanajipepea kwa madaftari, mimi nimevaa sweta darasani. Sauti ikawa nzito hadi wanafunzi wangu wa darasa la tatu wananipa pole ya mafua. Siku nne choo sipati. TSH ikatoka 61, wakati kawaida ni kama 0.4 hadi 4. Kwa asiyejua, TSH ndiyo homoni inayoisukuma tezi ifanye kazi. Ikipanda, mwili unasema haujatoshelezwa. Ikishuka sana huku unameza dawa, umezidishiwa.

Nikaanzishwa mikrogramu 50. Wiki ya tatu sikuona tofauti yoyote, bado nasinzia kwenye daladala napitilizwa kituo. Nikajiongezea mwenyewe, vidonge viwili, kisha vitatu. Haukupita muda, usiku moyo unakwenda mbio nimelala tu, mchana chaki inatetemeka mkononi nikiandika ubaoni. Niliogopa sana.

Daktari hakunigombeza. Alichukua karatasi akanichorea. Kidonge cha leo, baada ya wiki nzima nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo ukibadili dozi damu hutulia baada ya wiki tano au sita. Ndiyo maana kipimo hurudiwa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mimi nilikuwa naongeza juu ya dozi ambayo haijamaliza kupanda.

Tukarudi 50, tukaenda 75, tukafika 100. Kwa 100 TSH ikagoma kwenye 9. Safari hii akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unamezea nini?" Nikamwambia chai ya maziwa, na chapati. Akaniambia dozi tusiiguse kwanza. Nimeze kwa maji matupu saa kumi na moja alfajiri, chai saa kumi na mbili. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa 2.3, kwa kidonge kilekile.

Haya, karibuni. Semeni mlianza na ngapi, mko ngapi sasa, na nini kilibadilisha mambo.

Mama Mapacha, Tanga

Mwalimu umenigusa. Mimi nilikuwa nimetulia kwenye 75 miaka miwili, nikapata ujauzito. Namshukuru Mungu daktari wangu alishaniambia mapema: siku ukijua una mimba, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo. Mwanzoni mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni ya mama, na kwa wengi wetu mahitaji hupanda kwa robo au zaidi. Akanipandisha 100 siku hiyohiyo, na kipimo kila wiki nne.

Tatizo lilikuja kliniki ya wajawazito. Nikapewa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, kama kila mama. Nikaviweka vyote kwenye kikopo kimoja cha siagi juu ya kabati, asubuhi namimina kiganjani, kidonge cheupe na chekundu, nameza pamoja nimalize kazi. Wiki ya 16 TSH ikapanda hadi 7. Nililia pale benchi, nikajua nimemdhuru mwanangu.

Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza navimezaje. Nikamwelezea. Akasema madini ya chuma hung'ang'ana na dawa ya thairoidi tumboni, isiingie kwenye damu. Vitenganishwe saa nne au zaidi. Nikahamishia FEFO usiku wakati wa kulala. Calcium nayo ni vilevile, wanaopewa kwa ajili ya mifupa mzingatie. Kipimo kilichofuata 2.1. Na hao mapacha ndio wananivuta gauni sasa hivi nikiandika.

Nilipojifungua nilirudishwa 75 na kupimwa tena baada ya wiki sita. Msiendelee na dozi ya ujauzito kimyakimya, dada zangu.

Babu wa Kisauni

Assalam aleikum. Mie tezi nilitolewa lote, rovu lilikuwa limeniziba hata kumeza. Mtu asiye na tezi kabisa dozi yake hukisiwa kwa uzito, mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Mie kilo 70, hesabu inakuja 112. Sasa duka la dawa lina 25, 50 na 100. Kwa hivyo nameza kimoja cha 100 na nusu ya 25. Ile nusu naikata kwa wembe mpya juu ya kisahani, na inayobaki nairudisha palepale kwenye pakiti yake. Mjukuu alipewa kazi hiyo wiki moja akanipasulia vipande vitatu. Nikamwambia wachia babu.

Nataka kusema la Ramadhani kwa sababu wengi huacha dawa mwezi mzima, na hilo si sawa. Mwaka wa kwanza nilimeza baada ya futari. Lakini futari yetu mwaijua, tende, uji, mbaazi, mahamri, kahawa, na kabla tumbo halijatulia wageni wameingia na sahani nyingine. Saa tatu za tumbo tupu kabla ya kulala sikuzipata hata usiku mmoja. Baada ya Idi TSH ilikuwa 14.

Sasa huweka saa ya kengele nusu saa kabla ya wengine kuamka kula daku. Nameza na maji, nakaa natia uradi, nusu saa ikipita ndio nakula. Mwaka jana na mwaka huu kipimo hakikutikisika. Alhamdulillah. Lakini muulizeni daktari wenu kabla ya Shaabani kwisha, msingoje mwezi uandame.

Binti wa Makete

Shikamoo babu. Naandika kwa niaba ya mama, ana miaka 74 na moyo wake si mzima.

Alianzishwa 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25. Kaka zangu walikasirika, wakasema hii ni dozi ya mtoto, daktari anachezea mama. Kumbe kwa mzee mwenye shida ya moyo ndivyo inavyotakiwa. Homoni hii huuharakisha moyo, ukimpa nyingi ghafla unaweza kumletea maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio. Tulipanda ngazi kila baada ya wiki sita hadi nane. Ilichukua karibu mwaka kufika 50.

TSH yake sasa ni 5.2. Nilitaka ishuke iwe kama ya watu wengine humu, daktari akanikatalia vizuri tu. Alisema kwa umri wake hiyo inatosha, kuisukuma chini zaidi ni kuhatarisha moyo na mifupa yake. Mama mwenyewe ameanza tena kupalilia viazi asubuhi. Zamani alikuwa anakaa mlangoni na blanketi hadi jua likolee.

Wambui wa Thika Road

Yangu ni ya ajabu kidogo, na ningependa kila mtu aisome.

Nilikuwa kwa 100, TSH 2, niko sawa. Nywele zikaanza kutoka, nikanunua vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini mikrogramu 10,000. Miezi mitatu baadaye nikapimwa, TSH 0.07. Daktari akasema umezidishiwa, akanishusha 75. Mimi nashangaa, kwa sababu nilihisi uchovu tu, wala moyo haukuwa unaenda mbio. Miezi miwili nikaongeza kilo tano na nywele zikazidi kutoka. Kwa hivyo nikaongeza vidonge vya nywele.

Daktari wa pili aliniambia nilete kila kitu ninachomeza, hata vya dukani, hata vya mitishamba. Nikamwaga mkoba juu ya meza. Akachukua lile kopo la nywele, akalisoma, akaliweka kando. Akanieleza kuwa bayotini huvuruga vile mashine nyingi za maabara zinavyosoma kipimo, TSH inatoka chini wakati si chini. Niliacha wiki nzima, nikapimwa tena: 11. Nikarudishwa 100.

Kwa hivyo dalili zako zikikataana na karatasi ya maabara, sema. Usinyamaze kwa sababu karatasi ina muhuri.

Mfamasia wa Mwanza

Nawapongeza. Naongeza machache ninayoyaona dirishani kwangu.

Dawa hii inaogopa joto, mwanga na unyevu. Ikae chini ya nyuzi 25 kama inawezekana, ndani ya pakiti yake. Si dirishani, si jikoni, si ndani ya gari. Ukiuziwa vidonge vilivyohesabiwa kwenye kibahasha cha karatasi, omba pakiti. Na ukibadilishiwa kampuni, hata kama namba ni ileile, mwambie daktari ili upimwe tena baada ya wiki sita hadi nane. Wanaotumia omeprazoli kwa vidonda vya tumbo nao wamtaje daktari, asidi ikipungua tumboni dawa hii huingia kidogo.

Mgeni Humu

Samahani wakubwa, nimesoma yote. Mimi nina wiki mbili tu. TSH 38, nimeanza 50. Naogopa neno "maisha". Nina miaka 26. Kweli nitameza kila siku mpaka nife?

Mfamasia wa Mwanza

Mdogo wangu, pole, naelewa. Wengi wetu, ndiyo, ni ya maisha. Lakini nikusimulie. Mwaka 1891 daktari George Murray kule Newcastle, Uingereza, alimtibu mama mmoja aliyekuwa na hali mbaya ya ugonjwa huu, kwa kumchoma sindano za maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Baadaye mama huyo akawa anayanywa. Kabla ya hapo wagonjwa kama yeye walikuwa wanadhoofika tu hadi kufa. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi, akafariki 1919 akiwa na miaka 74. Kwa tezi za kondoo! Wewe una kidonge kilichopimwa kwa mikrogramu.

Mwalimu wa Moro

Na usiende haraka kama mimi, mdogo wangu. Nunua kidaftari. Andika tarehe uliyoanza, dozi, jina la kampuni, saa unayomeza, na ulichokula baadaye. Ukienda kwa daktari nenda nacho. Usipoona nafuu wiki ya tatu, hiyo ni kawaida. Ila moyo ukienda mbio, kifua kikiuma, au ukitetemeka, usisubiri wiki ya sita, nenda siku hiyo.

Mgeni Humu

Nimerudi. Wiki ya 7 leo. TSH imetoka 38 imefika 12.4. Daktari amenipandisha 75, ambacho ni kimoja cha 50 na kimoja cha 25, namshukuru Mungu sina haja ya wembe wa babu. Bado nachoka jioni, ila choo kimefunguka na jana niliamka kabla ya kengele. Kipimo kijacho ni baada ya wiki nane, nimeshakiandika kwenye kidaftari. Swali langu moja: nikisafiri usiku kwa basi kwenda Bukoba, nimeze saa ngapi?