Billy Boston "aliikimbia Wales kufuata hela"? Hebu acheni hizo

Wakuu, salamu baadaye. Nimevurugwa.

Jana kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa raga, jamaa kaweka orodha yake ya wachezaji 10 bora wa Wales wa nyakati zote. Gareth Edwards yumo, Barry John yumo, JPR Williams yumo. Hapo sina ugomvi. Billy Boston, yule winga mweusi wa Cardiff, hayumo. Nikauliza kistaarabu kabisa. Jibu: "Huyo aliikimbia nchi kufuata hela, hata mechi moja ya timu ya taifa hana." Dole gumba zikamiminika. Nilivyojibu, mwenye kundi kanitoa. Sasa nalimalizia hapa.

Hana mechi kwa sababu ya nani?

Boston kazaliwa 1934 Butetown, mtaa wa bandarini Cardiff uliokuwa ukiitwa Tiger Bay. Mtaa wa mabaharia: Wasomali, Wayemeni, watu wa Karibiani, kila rangi. Baba yake mtu wa Sierra Leone, mama yake wa Cardiff mwenye asili ya Ireland, watoto 11. Kutoka pale hadi uwanja wa Arms Park unaenda kwa miguu, hata kijasho hakikutoki. Dogo anaota jezi ya Cardiff, halafu ile nyekundu ya Wales. Klabu kubwa ya mjini kwao haikumwita. Akawa anakwenda kuchezea Neath na Pontypridd, klabu za miji mingine. Mtu anapita mlangoni kwako na mpira mkononi, humwoni!

Halafu hiyo hela mnayoisema. Machi 1953 watu wa Wigan, klabu ya kaskazini mwa England, walifunga safari hadi nyumbani kwao. Hao ni raga ya watu 13, ile ya kulipwa; timu ya taifa ya Wales aliyoiota ni ya watu 15, isiyolipa. Wakamwaga noti za pauni tano mezani, pauni 1,000 taslimu. Kijana wa miaka 18, na bado hataki, anaitaka Wales. Mama mtu akaona awatishe waondoke, akataja 3,000. Wakakubali! Mama kanaswa na mtego wake mwenyewe, mtoto kasaini huku analia. Huyo ndiye mnamwita mroho wa hela?

Na ukishasaini kule, raga ya watu 15 ilikuwa inakufungia maisha. Si msimu mmoja, maisha. Sheria hiyo ya kinafiki iliondoka 1995, mwenyewe ana miaka 61.

Wigan wakapata nini? Trai 478 (mabao ya raga, kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) katika mechi 488. Rudieni kusoma hapo, karibu kila akivaa jezi anafunga, na alikuwa winga mwenye mwili wa kubomoa ukuta. Alikuwa hajafikisha hata mechi 10 za klabu walipomchukua kwenye ziara ya Uingereza ya 1954 kule Australia na New Zealand, mtu mweusi wa kwanza kwenye ziara hizo. Akarudi na trai 36 katika mechi 18.

Kisha 1957. Wametoka Kombe la Dunia Australia, timu inapitia Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho. Makaburu hawamtaki mweusi. Mnadhani wenzake waligoma? Viongozi walisema hapana? Timu ikaenda ikacheza, Boston akarudi nyumbani peke yake. Hapa ndipo huwa nashindwa kuendelea kusoma, nafunga simu naenda kunywa maji.

Msidhani ni yeye tu. Clive Sullivan, mtoto mwingine mweusi wa Cardiff, alikuwa nahodha wa Uingereza iliyobeba Kombe la Dunia la raga ya watu 13 mwaka 1972. Colin Dixon, Johnny Freeman, wote wa mitaa ileile, wote wakaishia kaskazini kwenye raga ya watu 13. Wales ya watu 15 ilikaa hadi miaka ya 1980 bila mweusi hata mmoja. Vipaji vilikosekana? Butetown ilikuwa inavisafirisha kama makaa ya mawe!

Sanamu sasa. Wigan, mji usiomzaa, ulimjengea 2016. Cardiff, mji wake, 2023, tena na wenzake wawili juu ya jiwe moja. Na usir, ile heshima ya mfalme ya kuitwa Sir, wamempa Juni 2025, ana miaka 90 na tayari anaishi na ugonjwa wa kusahau. Raga ya watu 13 ina miaka 130, na huyo ndiye Sir wake wa kwanza! Raga ya watu 15, ya wanaokwenda shule za wenye nacho, masir wao tumeshachoka kuwahesabu.

Kwa hiyo jamaa wa orodha, najua humu unapita kimyakimya, jina lako silitaji. Nafasi ya 10 umempa mtu aliyevaa ile jezi nyekundu mara nne. Nimehesabu.