MREJESHO: Kaka yangu amekubaliwa mafao ya ulemavu

Ndugu zangu, niliwauliza kama kaka yangu anayeishi na VVU huku Marekani, aliyekataliwa mafao ya ulemavu, bado ana nafasi. Asanteni mlionisisitizia tukate rufaa ndani ya siku 60. Tumekata, amekubaliwa!

Kumbe kuwa na VVU pekee hakutoshi. CD4 (kipimo cha seli za kinga kwenye damu) ikiwa 50 au chini, inatosha kwenye orodha ya magonjwa ya wanaotoa mafao. Ya kaka ilikuwa juu ya hapo, tukadhani ndiyo basi. Ila kuna njia nyingine: kulazwa kwa matatizo ya VVU mara tatu ndani ya miezi 12, kila mara saa 48 au zaidi, zikipishana angalau siku 30. Alishalazwa mara tatu, lakini karatasi za mara ya pili hazikuwa kwenye faili. Nilizikuta chini ya kitanda, kwenye mfuko wa rambo pamoja na vikopo vitupu vya dawa. Nililia pale pale sakafuni.

Kwa mafao haya ya waliochangia kazini, miezi mitano kamili ya mwanzo ya ulemavu hailipwi, mjipange. Jana kaka amemaliza sahani nzima ya ugali.