Komba niliyekuwa namuuguza amekufa, na Jumamosi tuna mkusanyiko wa mabaika, sisi wa pikipiki, kule Matema Ziwa Nyasa. Niende?

Mwana wa Uyole
Wakuu habari za jioni, naandika hapa kwasababu kijiweni nikisema nina majonzi ya komba watanicheka mpaka nihame mtaa. Iko hivi, mbwa wa mtaani walimkamata komba chini ya mparachichi, yule komba mkubwa mwenye mkia wa manyoya mengi, vijana wakamnusuru wakaniletea mimi. Nikampigia afisa wanyamapori wa wilaya, akaja akamwona, akasema akae kwangu hadi apone ndo arudishwe msituni upande wa Rungwe, na daktari wa mifugo akamshona mguu.

Basi tukakaa naye, mchana kutwa amejikunja kwenye boksi, giza likiingia ndo kwake kumekucha, ndizi, parachichi, panzi anawadaka hewani kama kipa. Ile tabia yao ya kujikojolea viganjani waifu ilimshinda, chumba kizima kinanuka, lakini yeye huyohuyo ndo kila jioni anauliza "ameshakula?" Mguu ukapona, akawa anaruka toka mlangoni hadi juu ya kabati, tarehe ya kumwachia ikapangwa. Juzi usiku akakataa chakula, ameduwaa, mate yanamtoka, leo Alhamisi alfajiri nimemkuta amekufa.

Sasa Jumamosi ndo mkusanyiko, watu wanatoka Iringa, Njombe, Songea, Tunduma, nimeusubiri tangu mwaka jana, nimeshafunga cheni na sproketi mpya, na hamu ninayo siwafichi. Ila nikiwaza kupita Rungwe, palepale tulipokuwa tumwachie, roho inasita. Niende? Na nini kimemuua wakati kidonda kilishapona?

Mhehe wa Ipogolo
Kamwene mkuu, pole sana. Mi sikucheki, kwetu komba ni watu wa nyumbani, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanatangulia usiku kwenye mbeta zinazokingia, mgemaji akifika asubuhi anakuta mabaki na mlevi amelala kwenye mianzi. Wahenga hawakukosea kusema mtu amelewa kama komba. Njoo Matema, mi naondoka Ijumaa mchana nalala Uyole, nitakutafuta twende wote.

Dada Mifugo
Kaka pole, ila mambo ya safari weka pembeni kwanza. Aling'atwa na mbwa ambao hawana mwenyewe, kidonda kikapona, wiki zikapita, halafu ghafla kuduwaa, mate na kukataa kula. Umeshamzika? Alikung'ata au kukuparua wewe, mkeo au hao vijana?

Mwana wa Uyole
Sijazika bado, yupo kwenye boksi lake. Aliniparua kiganja juzi nikimpa maji, waifu alikuwa anamlisha kwa mkono tu. Unamaanisha kichaa cha mbwa? Komba??

Dada Mifugo
Ndiyo, komba, paka, ng'ombe, popo, sisi, yeyote mwenye damu moto na anayenyonyesha. Sisemi lazima ndo chenyewe, komba anaweza kufa kwa sababu nyingine nyingi, ila kwa maelezo yako hili halikisiwi. Kile kirusi kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, ndo maana kidonda kinaweza kupona kabisa na mnyama akaruka makabati kumbe safari inaendelea ndani. Na kwa binadamu dalili zikishaanza hakuna tena tiba ya kutegemea, chanjo inasaidia kabla ya hapo tu.

Kwahiyo sasa hivi osha huo mparuo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, hata kama umekauka, halafu nenda hospitali usingoje kesho. Waambie ni mnyama aliyeng'atwa na mbwa. Mkeo na vijana waliomnusuru waende nao wakaelezee walivyomshika. Mzoga usiupasue wala kuushika mikono mitupu, vaa glavu, funga kwenye mifuko miwili, weka mahali pa baridi mbali na chakula, umpigie daktari wa mifugo achukue sampuli, ubongo ndo unapimwa. Na afisa wako aambiwe leoleo kuhusu hao mbwa.

Halafu niseme na hili. Unahuzunika hakufika msituni, mimi nashukuru hakufika, maana kama ndo hicho angekipeleka kwa wenzake.

Chuma Chakavu
Mngemwacha na mbwa wake yasingefika huku. Mnyama pori kukaa naye bila kibali ni kosa, sheria ya 2009 ipo wazi.

Mwana wa Uyole
Chuma soma tena nilichoandika, afisa alikuja mwenyewe. Dada asante sana, natoka.

Baika wa Tukuyu
Pole kaka. Nasubiri habari njema, huku nikikuwekea njia maana naona utakuja. Isyonje asubuhi ukungu unaweza usione taa ya aliye mbele, na Tukuyu mvua haina adabu hata kiangazi, kwahiyo koti la mvua liwe juu ya mzigo sio chini. Usiingie Kyela mjini, kata kushoto Kikusya, pita Ipinda, lami hadi Matema. Uyole unavaa sweta mbili, ukishuka ziwani unatamani uogelee na helmeti. Jumamosi ni gulio la vyungu Lyulilo, Wakisi wanavileta kwa mitumbwi, kuna jamaa alifunga kimoja nyuma ya Boxer akafika nacho kizima Mbeya, mpaka leo hatuelewi.

Mwana wa Uyole
Nimerudi wakuu. Mimi nimechomwa ya kwanza na ya kuzunguka mparuo, waifu na vijana wawili nao wameanza. Daktari wa mifugo kamchukua komba mzima, majibu baadaye. Shida ni moja, sindano ya pili ni siku ya tatu, yaani Jumapili, na mi Jumapili niko Matema.

Dada Mifugo
Hiyo tarehe haichezewi, na ya siku ya saba pia. Piga simu kesho hospitali ya Kyela uulize kama chanjo ipo, ikiwepo beba kadi uchomwe hukohuko. Isipokuwepo, Jumapili alfajiri washa pikipiki urudi Mbeya. Pikipiki haizuii chanjo, pombe ya kule ndo uiache.

Mhehe wa Ipogolo
Mi nitarudi naye Jumapili, asubuhi na mapema, hata hivyo sinywi nikiwa na baika. Mkuu nitumie namba inbox, na uniambie Uyole gesti gani ina sehemu ya kulaza pikipiki ndani.