Mmeukata mwezi wa Tunguu kwa kisu, halafu mnasema mnaenzi mambo ya zamani

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nimesubiri wiki mbili hasira zipoe, hazikupoa, basi naandika hivi hivi.

Kuna sehemu moja ya kula na kupiga soga hapa Mji Mkongwe. Jina silitaji, maana kuna kitu changu nakitaka kutoka kwao na sijakipata. Walikuja nyumbani kwetu Kikwajuni vijana wawili, wapole, wakampa mama shikamoo yake, wakakaa barazani wakanywa chai. Wanaandaa usiku wa mambo ya kale, wakasema, habari za Zanzibar na anga, na wamesikia marehemu baba aliacha picha za ndege. Mama akanitazama. Mimi ndiye niliyesema wapewe. Nikalifungua kasha kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba alikuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege wa Kisauni, enzi za East African Airways. Hilo ni shirika lililoanza 1946 na likafa 1977 pamoja na ile Jumuiya ya kwanza, na Zanzibar ilikuwa na hisa zake humo, ndogo lakini zetu. Aliacha vitu vitatu. Bango la ndege aina ya Comet 4, ambazo shirika lilizipata 1960. Ukurasa wa kalenda wenye ndege aina ya Super VC10. Na mchoro mmoja wa mkono, ambao ndio ulionifanya nifungue uzi huu.

Mchoro ule alipewa na rafiki yake aliyekuwa akichora mabango ya sinema hapa mjini. Ukubwa wake kama ukurasa wa gazeti, karatasi nzito, rangi ya poda ile ya kukoroga kwa maji na gundi. Chini kuna minazi na paa la makuti, na mwanamke kainama juu ya jiko la mkaa. Nyuma yake zimesimama antena za Tunguu, nyeupe, kachora mpaka nyaya za kuzizuia zisiyumbe. Juu kabisa, upande wa kulia, mwezi mzima wa rangi ya samli, na mbele ya mwezi kitone cheusi chenye umbo la kengele. Chombo cha John Glenn, mwanaanga wa Kimarekani. Chini ya mwezi, kwa herufi ndogo za Kiarabu, jina la mchoraji na neno Ramadhani.

Kwa wasiojua: Tunguu palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wao wa Mercury, kimojawapo cha mtandao wa vituo vilivyozunguka dunia nzima. Tarehe 20 Februari 1962 Glenn alirushwa kutoka Cape Canaveral, akaizunguka dunia mara 3 kwa muda usiofika saa 5. Mawasiliano yalikuwa yakipokezanwa kituo kwa kituo. Kano kule Nigeria wakimaliza naye, inafika zamu ya Zanzibar, na daktari aliyekuwa Tunguu ndiye aliyezungumza naye kuhusu hali ya mwili wake. Karibu nusu saa tu baada ya kurushwa alishafika juu yetu. Kwa saa za hapa ilikuwa saa kumi na mbili jioni imepita kidogo, tena katikati ya Ramadhani. Yaani watu wa kisiwa hiki walikuwa wanakoroga uji na kusikilizia adhana ya magharibi wakati mtu anapita juu ya vichwa vyao kwenye chuma. Mwezi ulikuwa mzima kwa sababu ulikuwa katikati. Mchoraji hakuubuni ule mwezi. Aliuweka pale kwa sababu jioni ile ulikuwepo.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Fremu waliyonunua ilikuwa ndogo kuliko mchoro. Wakaukata mchoro. Wameondoa ukanda wa juu wote, upana wa vidole vinne vyangu, nimepima. Mwezi umekwenda, chombo kimekwenda, jina la mchoraji limekwenda. Iliyobaki ni picha ya mama anapika na vyuma vimesimama nyuma yake bila sababu. Kisha wakaupeleka kupigwa laminesheni. Rangi ya poda, jamani! Mashine ile inapitisha joto la nyuzi zaidi ya 100 na kuyeyusha gundi ya plastiki ndani ya karatasi. Rangi imepasuka kwenye paa la makuti kama tope la bondeni wakati wa kiangazi, na nikiutazama kwa pembeni naona chembe zake zimenasa kwenye plastiki, zimeachana na karatasi. Ukijaribu kuubandua, rangi inaondoka na plastiki. Kwa hivyo utabaki vile mpaka mwisho.

Bango la Comet wamelibandika kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao. Ile ya VC10 wameifunga kwa selotepu pembe nne na kuitundika chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

Nilipokwenda kuvichukua, msimamizi akaniambia, tena anatabasamu, "Dada, si tumekuboreshea? Sasa hata ukimwagikiwa na juisi haidhuru." Wallahi nilitetemeka. Nikamuuliza ukanda mliokata uko wapi. Akasema labda umefagiliwa.

Na kwenye ukuta wa mbele kabisa, mahali penye taa, hapakuwa na kitu cha baba hata kimoja. Palikuwa na picha tatu kubwa zilizotengenezwa na akili mnemba kwa mtindo wa zamani, njano njano, zimetiwa mikunjo ya uongo. Ndege imeandikwa 1962 na injini zake zinaning'inia chini ya mbawa kama mapapai. Comet injini zake nne zilikuwa zimezikwa ndani ya mbawa, kwenye shina pale mbawa inapokutana na kiwiliwili. VC10 zake nne ziko nyuma mkiani, na mkia wenyewe una umbo la herufi T. Mtoto aliyekulia Kisauni miaka ile alizijua kwa mlio tu. Maandishi ubavuni yalisomeka "Airlins". Na watu wamepanga foleni wapigwe picha mbele yake, huku bango la kweli, la shirika la kweli lililomlisha baba yangu, linalowa maji pembeni.

Hapo ndipo mambo ya siku hizi yanaponishinda. Nasikiliza singeli, nasikiliza Bongo Flava, kila Februari naingia Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara. Sina ugomvi na vijana kwa kuwa vijana. Ila tazameni video za muziki za miaka hii: kila wa pili kavaa helmeti ya mwanaanga, kasimama juu ya mchanga mwekundu, sayari mbili nyuma yake. Kwa nini? Haimbi habari za anga wala nyota. Kaona wenzake wa nje wamevaa. Na akitaka kweli kujua, Tunguu ni mwendo wa daladala.

Usiku ule kijana mmoja alinijibu, "Mambo ya anga ni ya wazungu, dada, sisi tunachukua stailo tu." Nikamwambia haya. Ile setilaiti ya kwanza kabisa kupelekwa juu kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota inaitwa Uhuru. Neno letu hili hili. Waliirusha tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya, siku ya uhuru wa nchi ile, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Akashangaa kweli, akaniomba niandike kwenye simu yake. Simlaumu yeye. Hakuna ukuta hata mmoja aliowahi kupita ulioandikwa habari hiyo.

Watalii nao wanaletwa Shangani kutafuta Mercury, na Mercury wanayeambiwa ni mmoja. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, ni wetu, kazaliwa hapa 1946, na astahili kila heshima anayopewa. Lakini kabla yeye hajalichukua jina hilo, tulikuwa na Mercury nyingine Tunguu. Wanasiasa waligombana juu yake na kusema ni kituo cha makombora, na baada ya Mapinduzi, mwaka huo huo wa 1964, kikafungwa. Iwe uliipenda au uliichukia, ilikuwa hapa. Picha ngapi za mkono zilichorwa na Mzanzibari kuhusu jambo lile? Mimi naijua moja.

Wenyewe Wamarekani walifanyaje? 1962, mwaka ule ule wa Glenn, NASA ilianzisha mpango wa kualika wachoraji. Wana kamera za kila namna, na bado waliona mchoraji anaona kitu ambacho kamera haikioni. Mchoraji Norman Rockwell alipowachora wanaanga Grissom na Young 1965 alitaka aazimwe vazi lenyewe la anga, akapelekewa, kwa sababu hakutaka kubahatisha mkunjo wala kifungo. Picha zile leo zimehifadhiwa makumbusho Washington. Rafiki yake baba naye hakubahatisha nyaya za antena. Alikwenda Tunguu kwa baiskeli, baba alitusimulia, akasimama nje ya ua akazihesabu.

Najua wengine humu mna vitu kama hivi chini ya vitanda: kalenda, tikiti, mabango ya ndege, mabango ya sinema. Hapa kwetu hewa ina chumvi na unyevu, kuvu hauchelewi, na mchwa ndiyo usiseme. Msivilaminishe. Msitie selotepu, baada ya miaka michache gundi yake inageuka kahawia na kupenya karatasi. Msivitundike jua linapopiga, nyekundu ndiyo inayotangulia kupauka. Baba alilitandika kasha kitambaa cha pamba ili karatasi isiguse mbao, na karafuu alizitia kwenye kifuko pembeni, kwa sababu mafuta ya karafuu yanaacha doa. Kila baada ya masika alivitoa kivulini vipigwe upepo. Miaka zaidi ya hamsini havikuharibika. Kwa watu wale viliharibika kwa siku nne.

Na mtu akija kuazima, mwandikishane. Kipimo, hali yake, kitatundikwaje, na neno "kisikatwe" liwepo. Mimi sikuandika kwa kuwa waliingia kwa adabu na kunywa chai yetu.

Fidia walinipa ofa ya chakula cha watu wawili. Sikuitaka. Mama hajauona mchoro bado, nimemwambia wameomba kubaki nao kidogo, na kila siku baada ya alasiri ananiuliza.

Ninachotaka ni ule ukanda. Karatasi nzito, upana wa vidole vinne, urefu kama mkono hadi kiwiko, mwezi wa rangi ya samli na kitone cheusi mbele yake, mwandiko wa Kiarabu chini. Kama unafanya kazi pale, au unafanya kazi kwenye duka walilokwenda kupiga laminesheni, au wewe ndiye uliyefagia, tafadhali niandikie faragha. Ukiwa umekunjwa, usiukunjue, na usiupige pasi. Uweke baina ya karatasi mbili nyeupe kavu, nitaufuata popote ulipo, hata Nungwi, hata usiku.