Nzi wa matunda na Parkinson, wapi na wapi?

MtotoWaMzee: Wakuu, naomba kueleweshwa. Baba yangu huu ni mwaka wa nne na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Juzi nimesoma kuwa wapo watafiti wanaouchunguza ugonjwa huu kwa nzi wa matunda. Nilipomsomea mzee alicheka mpaka kikombe kikamponyoka. Nzi hana hata mkono wa kutetemeka, sasa wanapima nini?

Mkulima77: Si ndio wale wanaotoboa matunda yakiwa bado mtini? Wangeanza kwa kuwamaliza!

KichupaNaBrashi: Mkulima77, hao wako ni jamii nyingine. Wanaosemwa hapa ni Drosophila melanogaster, vile vidude vya macho mekundu vinavyozengea tunda lililoiva kupita kiasi. Nimeishi nao maabara miaka mitatu, mpaka leo nikisikia harufu ya hamira nawakumbuka, maana ndiyo chakula chao.

MtotoWaMzee, mpe pole mzee. Mkono nzi hana, ila miguu anayo. Unatia nzi 20 kwenye kichupa, unakigonga mezani, wote wanaanguka chini. Nzi mwenye afya hukimbilia juu mara moja. Unahesabu wangapi wamevuka mstari ndani ya sekunde 10. Aliyeharibikiwa jeni iitwayo parkin hupanda kidogo akakwama, na mbawa zimemkaa vibaya. Gonga, hesabu, gonga, hesabu, kutwa nzima. Usingizi ulinishika mara nyingi tu.

Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu, huweza kumletea Parkinson akiwa bado kijana. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa yetu zina pacha wake kwa nzi. Mwaka 2006 ilionekana kuwa nzi waliokosa jeni nyingine, PINK1, wanafanana kabisa na waliokosa parkin: misuli ya kurukia imeharibika, madume hayazalishi. Wa PINK1 wakizidishiwa parkin, wanapata nafuu. Ukigeuza, wa parkin ukawazidishia PINK1, wapi! Ndipo ikajulikana PINK1 inatangulia, parkin inafuata, na zote zinatunza mitokondria, mitambo ya nishati ndani ya seli. Jaribio hilo utamfanyia mtu gani? Nzi, toka yai mpaka mkubwa, ni siku kama 10.

MtotoWaMzee: Shukrani sana mkuu. Kwa hiyo dawa ikimfaa nzi, na mzee itamfaa?

KichupaNaBrashi: Hapo nisikudanganye. Nzi ni mzuri wa kuonyesha hitilafu iko wapi. Dawa ni habari nyingine: damu yake haipiti kwenye mishipa kama yetu, na ubongo wake ni mdogo mno. Ikimfaa nzi, ndiyo kwanza inaanza safari ya kwenda kwa panya, kisha kwa watu, na nyingi hufia njiani. Mzee aendelee na dawa za daktari wake.

MtotoWaMzee: Mzee anauliza, hao nzi wakishahesabiwa wanapelekwa wapi?

KichupaNaBrashi: Kwenye chupa ya spiriti. Sisi tuliiita mochwari.