Wakala alisema "kila kitu kimelipwa", tukakwama uwanja wa ndege Krete

Wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Agosti 2025 mimi, mke wangu na watoto wawili tulisafiri kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Chania, kisiwani Krete nchini Ugiriki, kwa mapumziko ya siku sita tuliyoyawekea akiba karibu miaka miwili. Tiketi, nyumba ya kufikia na gari la kukodi tulimwachia wakala mmoja wa safari hapa mjini, naye akatukabidhi bahasha ya stakabadhi na kutuhakikishia kwamba kila kitu kimelipwa.

Kwenye dirisha la kampuni ya magari, mhudumu aliigeuza kadi yangu ya benki, ile inayokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti, mara mbili, akairudisha taratibu juu ya meza, akasema kwamba hawezi kuzuia fedha za dhamana ya gari kwenye kadi ya namna ile. Alihitaji kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva mwenyewe. Kisha akaomba leseni ya kimataifa ya udereva. Ugiriki huzikubali leseni za Uingereza, Marekani, Kanada na Australia bila hati hiyo, lakini ya kwetu lazima iambatane nayo, na mtu huichukua nchini mwake kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimemwuliza wakala, kwa mdomo wangu, kama leseni yangu inatosha, akanijibu kwa ujumbe kwamba inatosha kabisa. Masharti yote mawili yalikuwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa tatu wa stakabadhi aliyotuletea jioni ile ile ya safari.

Gari likabaki, na fedha zetu zikabaki nalo. Ufuko wa Elafonisi tulikwenda kwa basi, mtoto mdogo akitapika kwenye kona za milimani, na ufuko wa Balos tulifika kwa boti kutoka mji wa Kissamos. Huko ndiko nilikoambiwa kwamba kampuni nyingi hukataza magari yao kupita ile barabara ya vumbi ya Balos, ilhali ratiba ya wakala ilituelekeza tuipite kwa gari hilo hilo.

Kwenye nyumba nako tulidaiwa kodi ya serikali, euro 8 kwa kila usiku, jumla euro 48. Sina ugomvi na kodi hiyo, maana ni sheria na risiti nilipewa. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeijua akanyamaza ili bei yake ionekane nafuu.

Nimemwandikia mara nne nikidai fedha za gari, na jibu lake pekee ni kwamba mteja ndiye aliyepaswa kusoma masharti. Masharti uliyoyatoa saa chache kabla ya ndege kuruka, tukiwa tayari tumelipa, tungeyasoma lini? Kama kuna mwenzetu aliyewahi kurudishiwa fedha na wakala wa namna hii, naomba anieleze alipeleka malalamiko yake wapi na aliambatanisha nyaraka gani, kwa sababu zangu zote ninazo, pamoja na ujumbe wake kuhusu leseni.