IST: betri 46B24L imechoka, niweke N70?

Mkaazi wa Chake
Assalaam alaykum. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Asubuhi nikipiga stata inalia tik-tik-tik tu; ikiungwa waya na gari nyengine inawaka vizuri. Betri iliyomo imeandikwa 46B24L. Dukani nashauriwa N70, eti kubwa ndiyo inayodumu. Mwengine anasema betri haina kosa, ni alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Nianze wapi?

Spana Kumi
Waalaykum salaam. Anza na mita ya umeme, duka baadaye. Iweke volti 20 DC.

Gari ikiwa imelala usiku kucha, pima. Betri iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12.0 haina kitu. Ikiwa imeshuka, ichaji kwanza ijae, ndipo uendelee, maana betri tupu haiwezi kuhukumiwa. Halafu mtu apige stata nawe unaangalia mita: betri iliyojaa ikianguka chini ya 9.6, imekufa ndani. Gari ikishawaka, pima tena. Kati ya 13.8 na 14.5 alteneta ni nzima. Ikibaki 12 na kitu, tazama mkanda, fyuzi ya chaji, kisha alteneta yenyewe. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imeharibika na inaichemsha betri.

Ncha za mita ziguse risasi, yaani vichwa vya betri vyenyewe, si klampu za waya. Kisha weka ncha moja kwenye risasi na nyengine kwenye klampu yake, stata ipigwe: zaidi ya nusu volti ni kutu. Kwa hewa yetu ya chumvi, nusu ya "betri mbovu" ni huo unga mweupe na wa kijani tu.

Bi Volti
Hiyo N70 achana nayo. Ni ya umbo la D31: urefu kiasi cha sentimita 30.6, upana 17.3. Yako ni 23.8 kwa 12.9. Haikai kwenye sinia la betri la gari yako, watu huifunga kwa mpira wa baiskeli. Ikitikisika sahani za ndani hupukutika, na kichwa cha chanya kikigusa chuma, ni moto.

Soma namba hivi: 46 ni daraja la nguvu, kubwa zaidi haidhuru. B ni upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande wa vichwa: ukisimama vichwa vikiwa karibu nawe, chanya iko kulia. R ni kinyume, na waya hazitofika. Kwa jina la zamani ni NS60L. Ukiona NS60LS au 46B24LS, vichwa vyake ni vinene, klampu zako nyembamba haziingii. Usikubali kuzipanua kwa bisibisi, zitapasuka.

Na betri mpya nayo ipimwe hapohapo dukani. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa sana rafuni, irudishe.

Mkaazi wa Chake
Shukran sana. Nimeichaji usiku: asubuhi 12.5. Stata ikipigwa 8.1. Ikiwaka 14.2. Klampu nimezisafisha, hakuna tofauti.

Spana Kumi
Basi betri imekwenda, alteneta haina kosa. Nunua 46B24L au 55B24L.

Kabla hujafungua: kama redio ni ile ya Kijapani yenye ramani, usiitoe betri kavukavu. Nyingi zikikosa umeme hujifunga na kudai kadi ya ramani, na kadi mara nyingi ilibaki Japani. Unga betri ndogo ya volti 12 kwenye klampu mbili, chanya kwa chanya, ndipo utoe ile kubwa. Lakini hapo klampu ya chanya bado ina umeme, ifunike kwa mpira.

Spana namba 10. Hasi hutoka kwanza, kwa sababu bodi yote ni hasi: ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, cheche. Kurudisha, chanya kwanza. Sinia na klampu zioshe kwa maji ya moto na magadi, zikauke. Kaza mpaka klampu isizunguke kwa mkono, usizidishe, risasi ni laini. Paka grisi juu baada ya kukaza, si kabla. Fimbo ya kushikia betri irudi mahala pake.

Kama hukuunga ile betri ndogo, dirisha la kujipandisha na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) vinaweza kusahau. Iache injini iungurume dakika kumi bila AC.

Bi Volti
Naongeza: ikiwa ni ya kufunguka vifuniko, tazama maji kila mwezi. Joto la huku huyakausha. Ongeza maji ya betri tu, mpaka alama. Si tindikali, na si maji ya kisima; yana chokaa na chumvi, sahani zinaharibika.

Mkaazi wa Chake
Na nikiiacha wiki mbili nikienda Unguja?

Bi Volti
Toa klampu ya hasi. Kama redio inakuzuia, pima kwanza uvujaji wa umeme: mita kwenye 10A, ncha moja kwenye risasi ya hasi na nyengine kwenye klampu yake, ndipo uivue klampu ncha zikiwa bado zimeshika ili redio isikose umeme, milango imefungwa, usubiri nusu saa, na usipige stata. Chini ya ampea 0.05 hakuna wasiwasi. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja. Mara nyingi ni alamu iliyofungwa baadaye.

Spana Kumi
Ile ya zamani irudishe dukani, huwa wanainunua kwa risasi yake. Usiimwage uani.